Sura ya Saba: Mtoto Mteuzi wa Chakula

Mtoto mwenye upungufu wa makini na wingi wa utukutu, hali ambayo matabibu huiita ADHD, aghalabu hushutumiwa kwa kiburi asukumapo sahani, ilhali kinachomshinda si adabu bali ni kule kuketi. Maana kutulia mkekani mpaka sinia liishe, huku redio ikinena na wenzake wakipita uani, ni kazi ya makini, na makini ndiyo aliyopungukiwa. Baadhi ya watoto hawa wana hisi kali za ulimi na pua pia: utelezi wa bamia, au wali uliogusana na mchuzi, huwatia kinyaa cha hakika, na kuwalazimisha huwazidishia hofu.

Lakini liko jambo la tatu, ambalo wazazi wengi hawalitambui. Mwaka 1937 Charles Bradley, tabibu wa Rhode Island nchini Marekani, alibaini ya kuwa dawa ya kuchangamsha iliwatuliza watoto kadhaa wenye taabu za tabia, na baadaye dawa za jamii ile zikawa nguzo ya tiba ya ADHD. Dawa hizo hukata hamu ya kula. Aliyezimeza asubuhi huuona wali wa adhuhuri kama mchanga. Kisha usiku, nguvu ya dawa ikiisha, njaa humrudia kwa kishindo, naye akiomba chakula huambiwa ana uroho. Huku ni kumdhulumu.

Basi njaa na ifuatwe kwa saa zake. Kabla ya dawa apewe staftahi nzito, kama uji wa maziwa na yai, au mahamri na mbaazi za nazi. Adhuhuri kichache atakachokila kisizushe ugomvi. Usiku ale kwa kushiba, bila ya lawama. Chakula kigeni kiwekwe kidogo kando ya kile alichokizoea, mara 10 au 15, bila ya shuruti.

Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, amegawa mamlaka hivi: mzazi huamua chakula, saa na mahali, na mtoto huamua kula au kutokula, na kiasi chake. Nauona mgawanyo huu kuwa wa insafu, ila mwenye kutumia dawa aitwe mezani kwa saa maalumu, kwa kuwa tumbo lake halimwiti. Uzito na kimo vipimwe mara kwa mara. Vikizorota, tabibu aweza kubadili kipimo au saa ya dawa, wala mzazi asiikatize kwa rai yake mwenyewe.