Nusu Mlima

Treni ya Reli ya Kati ikishaiacha Bahi hukimbia kwa raha kwenye mbuga tambarare, kisha karibu na Saranda huanza kukwea ukingo wa bonde. Ikifika Manyoni iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ilhali Bahi haifiki 900. Kwenye ukingo huohuo, pale Kilimatinde, Wajerumani walijenga boma lao. Ukisimama hapo unaliona bonde lote. Macho huuita mlima. Lakini ukishaupanda, tafuta upande wa kushukia: haupo. Mbele ni uwanda unaokwenda zake hadi Itigi. Huu ni nusu mlima, na kilichokosekana kimelala kule chini Bahi, ambako ardhi ilizama.

Kaskazini, penye ziwa Natron, Bonde la Ufa lina kingo za kueleweka. Likija kusini linatawanyika. Tawi moja hupita Eyasi na kuingia mbuga ya Wembere, chini ya mlima Sekenke unaowatoa jasho madereva wa malori. Nyufa nyingine huteremka kuelekea Bahi. Kinachozuia bonde lisiendelee ni mwamba wetu wenyewe. Yale majabali yanayozunguka maziwa Singidani na Kindai mjini Singida ni sehemu ya ngao ya kale ya miamba, yenye umri wa miaka bilioni 2.5 na zaidi, nene na baridi. Mpasua kuni anajua: gogo gumu halipasuki unapotaka, shoka hufuata ufa uliokuwapo. Ndivyo Bonde la Ufa linavyofanya hapa, linafufua nyufa za zamani.

Mvutano unaoipasua ardhi ni wa polepole mno. Kwa mwaka mzima ardhi ya kaskazini mwa Tanzania hutanuka milimita chache, kiasi ambacho ukucha hukua kwa mwezi mmoja hivi. Tatizo ni kwamba pande mbili za ufa hazitelezi kila mwaka, zimeng'ang'aniana. Tuseme ufa mmoja unadaiwa nusu milimita kwa mwaka: baada ya miaka 2,000 deni ni mita nzima, na hulipwa kwa sekunde chache. Ukingo wa kimo cha mita 200 ni malipo kama hayo 200. Nikiitazama Kilimatinde sioni mandhari tu, naona matetemeko yaliyorundikana.

Je, ufa bado u hai? Kati ya Dodoma na Manyoni watafiti wamechora nyufa kadhaa, zenye majina ya kienyeji: Bubu, Mponde, Hika, Saranda. Njia ya kuuliza ni kuchimba handaki linalokatiza ufa. Tabaka la udongo likiwa limekatwa, upande mmoja juu na mwingine chini, basi tetemeko lilikuja baada ya udongo huo kutuama. Umri wa udongo hutoa jibu.

Na ardhi bado hutikisika: Mei 1964 eneo la Mbulu, jirani zetu, lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.4. La Kagera, Septemba 10, 2016, lilikuwa dogo zaidi, 5.9, na bado liliua watu wasiopungua 17. Kuta za tofali zisizofungwa pamoja ndizo zilizoanguka kwa wingi. Ndiyo maana nyumba inayojengwa leo Saranda naikagua kwanza juu ya madirisha: je, lenta, ule mkanda wa zege unaozifunga kuta pamoja, imezunguka zote nne, au imekatika kila penye kona?