Je, Namba 1,000,001 Yagawanyika?

Mwaka 2025 vita vilifika mji wa Masisi mwezi wa Januari, na mji wa Walikale mwezi wa Machi. Shule zilifungwa, na watoto wengi walikimbia bila daftari. Lakini hesabu yaweza kufanywa hata kambini, kwa kijiti na mchanga.

Mzazi wa Masisi na atwae maharagwe. Wa Walikale, kokwa za mchikichi. Punje 12 zapangika katika mistari miwili, mitatu, minne au sita iliyo sawa. Ongeza moja tu. Punje 13 hukataa kabisa: ni mstari mmoja, basi. Namba ya namna hiyo huitwa tasa, kwa kuwa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Je, 1,000,001 ni tasa? Hapo maharagwe hayatoshi. Mwanafunzi mvivu atajibu ndiyo, kwa maana haigawanyiki kwa 2, wala 3, wala 5, wala 7. Mwenye bidii ataendelea, wala hana haja ya kujaribu namba milioni. Kama ni zao la namba mbili, haziwezi zote mbili kupita 1,000, maana hata 1,001 mara 1,001 ni 1,002,001, nayo imezidi. Tena namba iliyokataa 2 imekwisha kukataa 4, 6 na 8. Basi atajaribu namba tasa zilizo chini ya 1,000. Nazo ni 168.

Hiyo 168 yatukumbusha kitu cha hapa kwetu Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1950, huko Ishango, mahali mto Semliki utokapo katika Ziwa Edward, mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye chale katika safu tatu. Hukadiriwa kuwa na umri wa miaka kama 20,000, nao umehifadhiwa Brussels. Safu moja ina chale 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, jumla 60. Ya pili ni 60 tena. Ya tatu, 48. Jumlisheni: 168! Msishangilie upesi. Safu ya pili ina 9 na 21, ambazo si tasa, na wataalamu wengine huona humo hesabu ya mwezi. Kwamba mchongaji alikuwa akihesabu, naamini. Kwamba alijua namba tasa, hakuna chale isemayo hivyo.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. 11 yakataa, 13 yakataa, na 17 vilevile. Katika jaribio la 26 afika 101, na tazama: 101 mara 9,901 ni 1,000,001. Imevunjika! Lakini jirani yake, 1,000,003, hukataa zote 168. Hiyo ni tasa kweli. Aliyechoka kwenye jaribio la 25 hawezi kuzitofautisha.

Sasa, watoto, jaribuni 10,001. Majaribio yake hayazidi 25, wala hamtafika la mwisho.