Kulala bila Kulazwa: Istilah ya Kipimo cha Wagonjwa wa Nyonga na Goti Bandia

Makala haya yanajadili kitenzi kimoja cha sera ya afya ya Marekani na ugumu wa kukihamishia katika Kiswahili. Tangu Oktoba 2012, Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa watu wa miaka 65 na zaidi, hukata malipo ya hospitali ambazo wagonjwa wake hulazwa tena kupita kiwango kinachotarajiwa ndani ya siku 30 baada ya kuruhusiwa. Upasuaji uliopangwa wa kuweka nyonga au goti bandia uliongezwa katika mwaka wa fedha 2015. Makato huweza kufikia asilimia 3.

Mgonjwa hurudi kwa sababu kidonda kimetunga usaha, damu imeganda katika mshipa wa mguu, au nyonga mpya imeteguka. Kipimo hakichagui sana: kulazwa kusikopangwa huhesabiwa hata kwa nimonia, na hata katika hospitali nyingine.

Utata uko kwingine. Anayerudi akawekwa “chini ya uangalizi” huandikwa kuwa mgonjwa wa nje, hata akilala wodini usiku mzima. Hivyo haingii katika hesabu. Kiswahili hakiuvumilii mpaka huo. *Kulazwa* ni *kulala* katika kauli ya kutendeshwa, na msemaji wa kawaida hatakubali kwamba aliyelala katika kitanda cha wodi hakulazwa. Kwa mgonjwa, tofauti hiyo ni fedha: kwa utaratibu wa kawaida wa Medicare, siku za uangalizi hazimo katika siku 3 za kulazwa zinazotakiwa kabla ya bima kulipia kituo cha uuguzi. Sheria ya 2015 iliagiza anayeangaliwa kwa zaidi ya saa 24 aarifiwe kwa maandishi na kwa mdomo. Yaani neno lenyewe halikutosha.

Mshauri wa sera anayetafsiri kipimo hiki kuwa “kurudi hospitali” atawajumlisha hata waliokuja kutolewa nyuzi. “Kulazwa tena kusikopangwa” ni bora, ilimradi walioangaliwa wawe na safu yao. Swali la nani anahesabu pia halikwepeki. Mgonjwa aliyewekewa goti bandia katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, kisha akarejea Kigoma, homa ikimpata atakimbilia hospitali ya karibu. Medicare humwona popote kwa kuwa ndiyo inayolipa. Daftari la hospitali iliyompasua, likiwa peke yake, litaonyesha kwamba amepona.