Sanduku Lisilosema na Wenyewe

Majuzi nilimtembelea mzee mmoja katika mtaa wa Bondeni, Nakuru, mji uliowahi kusifika kwa viwanda vya pareto, mablanketi na betri. Ukutani mwake palining'inia sanduku la bati la kijani lenye msalaba mweupe. Alilinunua mnadani kiwanda alichokitumikia kilipofungwa, na sasa huhifadhi humo stakabadhi za kodi ya nyumba. Ndani ya kifuniko ilibandikwa kadi ya maelekezo ya huduma ya kwanza, yote kwa Kiingereza.

"Hebu nisomee, Mwalimu," akasema. "Nimekaa na karatasi hii miaka mingi."

Nikamfasiria: aliyemwagikiwa tindikali aoshwe papo hapo kwa maji mengi. Mzee akainamisha kichwa. Kisha akanisimulia habari za mwenzake aliyeungua mkono kazini. Wenziwe walimpaka mafuta ya kupikia, wakamtafuta nyapara aliyekuwa na ufunguo wa sanduku. Bomba la maji lilikuwa hatua chache kutoka pale.

"Mkono ule haukunyooka tena," akamalizia.

Yamkini msomaji atasema kwamba hayo ni ya zamani. La hasha! Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke sanduku la huduma ya kwanza mahali panapofikika kwa urahisi. Lakini kufikika ni nini? Sanduku lililotiwa kufuli halifikiki, hata likiwa mbele ya macho. Vivyo hivyo, maelekezo yasiyoeleweka na aliye karibu na majeruhi hayafikiki, hata yakiandikwa kwa herufi kubwa.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wapo wanaodai kwamba lugha hii haina istilahi za tiba. Je, tindikali, jeraha, kuzirai, kuungua na kuvuja damu ni maneno ya lugha gani? Istilahi tunazo, tulichokosa ni mazoea ya kuziandika pale zinapohitajika.

Walimu wenzangu, lifungueni sanduku la maabara ya shule yenu. Ulizeni ufunguo uko kwa nani. Kisha wapeni wanafunzi kazi ya kuandika maelekezo yake kwa Kiswahili sanifu, mwalimu wa sayansi ayahakiki, na yabandikwe ukutani. Hilo litakuwa zoezi la tafsiri lenye faida kuliko mengi tunayoyasahihisha.

Nami nilimwandikia mzee kadi mpya. Aliisoma polepole hadi mwisho, akaibandika juu ya ile ya kale.

"Maji," akasema. "Kumbe yalikuwa maji tu."