Ndoa ya Maksuudi na Tamima: Ni Nini Hasa Kilichoivunja?

Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed ilitoka mwaka wa 1980, na iliwahi kutahiniwa katika KCSE kwa miaka kadhaa. Ingawa haimo tena katika orodha ya vitabu teule, suala la ndoa inayobomolewa na siri bado linawatatiza watahiniwa wengi, kwa hivyo inafaa tulirejelee.

Chukua swali kama hili: "Maksuudi mwenyewe ndiye aliyeivunja ndoa yake. Jadili. (alama 20)". Wanafunzi wengi hukimbilia tukio la talaka. Tamima anashikwa na uchungu wa kujifungua, Farashuu anaitwa kumzalisha, Maksuudi anarudi na kumkuta adui yake chumbani, anampiga mkewe na kumpa talaka. Mtahiniwa humaliza kwa kusema kuwa Tamima aliachwa kwa kukosa utiifu. Mwanafunzi huyo ametaja tukio, wala hajataja chanzo. Tena, bila kujua, amechukua upande wa Maksuudi!

Hebu tutofautishe kisingizio na sababu. Farashuu kuingia nyumbani ni kisingizio. Sababu tutaipata tukijiuliza swali moja: kwa nini Maksuudi amwogope mkunga mkongwe? Jibu liko katika historia yake. Farashuu ni mama wa Mwanasururu, mke wa awali ambaye Maksuudi alimdhulumu mali kisha akamwacha. Mkunga huyu anaijua siri ya mwenye nyumba. Kinachomtia Maksuudi hasira ni hofu ya kuumbuka.

Siri ya pili ni Kazija. Nyumbani Maksuudi ni mcha Mungu na mlinzi wa heshima, aliyemfungia mkewe na bintiye Maimuna ndani wasionekane na watu. Nje ni mteja wa Kazija, mwanamke yule yule anayehusiana na Mussa, mwanawe wa kumzaa. Baba na mwana wanapokutana huko, pazia linaanguka. Hapa pana kinaya ambacho mtahiniwa hana budi kukitaja: anayewafungia wengine kwa jina la maadili ndiye asiyejizuia. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mficha maradhi, kilio humfichua.

Je, Tamima hana sehemu yoyote? Jadili kwa uadilifu. Tamima ananyamaza na kuvumilia, na kimya chake kinampa mume nafasi. Hata hivyo, kunyamaza kwa mtu asiye na mlango wa kutokea hakuwezi kuwekwa katika mizani moja na usaliti wa mwenye ufunguo.

Mwishowe, onyesha athari. Talaka haikuwatenganisha wawili tu. Maimuna anatoroka na kuzama katika ulevi na ukahaba, na Mussa anapoteza imani kwa babake. Ndiyo maana anwani ni Utengano, wala si Talaka.

Mtahiniwa, kila hoja iwe na sehemu tatu: dai, tukio kutoka kitabuni, na maelezo ya jinsi tukio hilo linavyothibitisha dai. Ukiacha sehemu ya tatu, utakuwa umesimulia hadithi tu, na alama zitakuponyoka.

Nawe mwalimu mwenzangu, kumbuka kwamba darasani huenda ameketi mwanafunzi ambaye kwao mlango umefungwa vivyo hivyo. Usimlazimishe kutoa mfano wa nyumbani, na usiruhusu kicheko Tamima anapopigwa. Mwache azungumzie Maksuudi. Mara nyingi mhusika wa kitabuni humpa mtoto maneno ya jambo ambalo hajawahi kuthubutu kulitaja. Hiyo nayo ni kazi ya fasihi, hata kama haina alama katika karatasi ya mtihani.