Somo la Leo: Kompyuta ya Michezo ya Mkononi

Leo tutazungumza juu ya kuchagua kompyuta ndogo ya michezo, ile ishikwayo kwa mikono miwili.

Kila kompyuta ina programu kuu inayoiendesha. Steam Deck ya kampuni ya Valve, Marekani, ilitoka mwaka 2022 na programu iitwayo SteamOS. ROG Ally ya ASUS ilitoka mwaka 2023 na Windows.

Michezo mingi hutungwa kwa Windows. SteamOS huicheza kwa kutumia mkalimani wake. Lakini michezo mingine, kama Fortnite, humkataa mkalimani huyo kwa kuogopa wadanganyifu.

Basi, andika kwanza majina ya michezo uitakayo, kisha ununue. Fedha ikishatoka hairudi.

Swali: Apendaye Fortnite achague ipi?