Gari la Umeme Likifika Masindi, Litalishwa Wapi?

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha Kiira EV, gari la umeme lililoundwa na wanafunzi pamoja na walimu wao. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola. Tangu hapo wananchi wamekwisha kuamini kwamba gari laweza kutembea bila petroli. Linalotushughulisha leo ni mahali pa kulilisha pindi litokapo Kampala na kuingia katika miji midogo.

Tutazame Masindi, mji unaojulikana sana na askari polisi waliopata mafunzo yao Kabalye. Kutoka Kampala hadi huko ni zaidi ya kilomita 200. Gari dogo lenye betri ya kilowati-saa 40 laweza kufika, lakini litafika likiwa limechoka, wala haliwezi kurudi siku ile ile pasipo kutiwa umeme.

Zipo njia nne za kulisaidia. Ya kwanza ni soketi ya kawaida ya ukutani. Kwa umeme wa volti 240 na ampea 10 hutoa kilowati 2.4 tu, na betri tupu ya gari hilo itahitaji saa 17 au zaidi. Njia hii yamfaa mgeni atakayelala hotelini. Hata hivyo tunawaonya wenzetu wa kambini: waya mwembamba wa kurefushia umeme hupata moto ukibebeshwa mzigo huo usiku kucha, na nyumba yaweza kuungua.

Ya pili ni mashine ndogo ya kilowati 7, iwezayo kuwekwa kwenye hoteli, hospitali au ofisi ya wilaya. Kazi hiyo huimaliza kwa saa sita hivi. Ya tatu ni mashine kubwa ya kilowati 50, ambayo kwa muda wa saa moja hivi huijaza sehemu kubwa ya betri. Lakini mzigo wake waweza kuilemea transfoma ndogo ya mtaa, na gharama yake ni kubwa. Tena plagi hazilingani: magari mengi ya mitumba ya Japani hutumia CHAdeMO, ya Ulaya hutumia CCS, na yaliyoundwa kwa soko la China hutumia GB/T. Mwenye gari asipouliza mapema atafika kituoni na kukuta mlango usiomwingiza.

Ya nne ni kubadilishana betri za pikipiki. Mwendeshaji huacha betri iliyokwisha, huchukua iliyojaa, na baada ya dakika chache yuko barabarani. Waendeshaji wa bodaboda wa Kampala wamekwisha kuizoea njia hii.

Kwa maoni yetu, mji mdogo uanze na njia ya pili na ya nne. Mashine ndogo tatu zilizotawanyika zafaa kuliko moja kubwa. Hiyo moja ikiharibika, msafiri hukwama, na mgonjwa aliyebebwa garini hukwama pamoja naye. Mashine kubwa na ije baadaye, transfoma zikiwa tayari kuibeba.

Umeme wenyewe upo. Bwawa la Karuma, lililozinduliwa mwaka 2024, lina uwezo wa megawati 600. Upungufu huonekana njiani, pale nguzo zinapoangushwa, nyaya zinapokatwa na mafuta ya transfoma yanapoibwa. Sheria ya umeme ilirekebishwa mwaka 2022 ili kuongeza adhabu kwa waharibifu hao, lakini sheria haishiki doria usiku.

Hapo ndipo kazi inapowaangukia ninyi, ndugu askari. Yeyote akataye waya kwa ajili ya kuuza shaba huzima taa ya wodi ya wazazi, huinyamazisha redio ya kituo cha polisi, na kesho atalizuia gari la wagonjwa lisiondoke. Ilindeni transfoma ya mtaa kama mlindavyo ghala la silaha. Mlinzi akilala, mashine ya kuchajia haitamfaa mtu.